Wiki Mbili Kabla ya Kuziba Jino



Chalinze ni njia panda. Basi la Moshi na la Arusha linakata hapa kuelekea Segera, la Mbeya linanyoosha Morogoro, na abiria wakishuka unaona meno ya nchi nzima. Yamo ya watu waliokulia chini ya Mlima Meru, kama pale Maji ya Chai, ambako floridi kwenye maji huzidi mno miligramu 1.5 kwa lita inayopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Ukahawia wa meno yao si uchafu. Chanzo chake ni floridi iliyoliathiri jino likingali linajengwa ndani ya ufizi, na inaniuma kwamba wengi wao wametaniwa tangu darasa la kwanza. Wakipata mshahara, jambo la mwanzo ni kung'arisha meno. Na kwa kuwa jino la floridi mara nyingi lina vishimo, baada ya kung'arisha wanataka vizibwe. Hapo ndipo matibabu mawili mazuri yanapogombana.

Dawa ya kung'arishia ni haidrojeni peroksaidi, au kabamidi peroksaidi inayoizalisha. Kabamidi ya asilimia 10, ambayo madaktari wa meno Haywood na Heymann waliiandikia mwaka 1989, hutoa takriban asilimia 3.5 ya peroksaidi. Hupenya enameli mpaka dentini, huvunja rangi, na huacha oksijeni humo kwa siku kadhaa.

Kiziba cheupe cha resini nacho hushikaje? Mwaka 1955 daktari wa meno Michael Buonocore alionyesha kwamba tindikali ya fosfori ikichubua enameli, resini hung'ang'ania. Tindikali hufungua vitundu, gundi huingia kama mizizi, taa ya bluu huigandisha. Oksijeni iliyobaki huzuia mgando huo. Kwenye darubini, mizizi ya resini huonekana mifupi, michache, imekatikakatika. Mgonjwa hajui lolote: siku hiyo kioo kinamwonyesha jino zuri. Baadaye ukingo unaachia, mstari wa kahawia unajitokeza, na jino linaanza kuoza chini ya kiziba.

Dawa ya mgongano huu ni kungoja kabla ya kuziba, na wiki mbili ndiyo desturi ya madaktari wengi. Rangi pia inahitaji muda huo. Jino lililotoka kung'arishwa limekauka, na baadaye weupe wake hushuka kidogo. Ukilinganisha rangi ya kiziba siku hiyo, kitakuja kuwa cheupe kuliko jino, na kiziba hakibadiliki rangi kulifuata.

Sasa, dereva wa lori aliyelala Chalinze usiku mmoja utamwambiaje angoje? Mzibie kwa muda, ila uangalie unamzibia nini. Saruji ya muda iliyochanganywa na mafuta ya karafuu hutuliza maumivu vizuri sana, na sisi wa pwani tunaithamini karafuu ya Pemba kwa haki kabisa. Lakini yujenoli, kiini cha mafuta hayo, nayo huzuia resini isigande. Ukiitumia, umeongeza kizuizi cha pili juu ya cha kwanza. Saruji ya ionoma ya glasi inafaa zaidi, kwa sababu huganda kwa kemia nyingine.

Maabara zimeonyesha pia kwamba sodiamu askobeti ya asilimia 10, chumvi ya vitamini C, ikipakwa kabla ya gundi hurudisha sehemu kubwa ya nguvu ya kushika iliyopotea. Tafadhali, mtu asitoke hapa akasugua meno kwa limau! Limau ni tindikali, humomonyoa enameli.

Tangu Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki wa mwaka 2013, viziba vya zebaki vinapunguzwa, na resini itazidi kufika kwenye vituo vidogo. Kwa hiyo naomba fomu ya mgonjwa iongezwe mstari mmoja: umeng'arisha meno lini mara ya mwisho, na kwa dawa gani? Aulizwe kabla ya sindano ya ganzi, tena kwa upole, maana wengi walinunua dawa hiyo kimyakimya na wanaona haya kusema. Akijibu "juzi", apewe ionoma na tarehe ya kurudi. Kama yuko safarini, aandikiwe karatasi ya kumpa daktari wa huko aendako.