Baiskeli Inapolia Chini ya Mguu

(Sauti: baiskeli yenye mzigo inapandishwa mlima. Ko... ko... ko... Sauti inapungua.)

Iweke sauti hiyo kichwani kwanza. Ko, kimya kidogo, ko. Kama una baiskeli, au kinga kama wanavyoiita ndugu zetu wa Kongo, huenda umeisikia chini ya mguu wako siku uliyopakia mkaa, ndizi au abiria. Leo tunazungumzia sauti hiyo tu. Na wewe unayeyasoma maandishi haya pamoja na kikundi chako, mwombe mwenzako mmoja alete baiskeli yake, muiweke katikati, tuifanye kazi hii pamoja.

Ninazungumzia zile baiskeli nzito za chuma kutoka China na India. Utaziona kwenye bonde la Ruzizi, njia ya Uvira kwenda Kamanyola. Utaziona Kasulu na Kibondo. Na kule Burundi vijana hushuka nazo na ndizi kutoka Bugarama, juu ya mita 2,000, mpaka Bujumbura kando ya ziwa. Hazina gia za kubadilisha. Karibu kila kitu chake hufunguka kwa spana na nyundo.

Shida ni kwamba sauti ya baiskeli hudanganya. Fremu ni bomba tupu, na bomba tupu husafirisha mlio kama ngoma. Kiti kikilia, utaapa kwamba ni pedali. Ndiyo maana mtu hununua cheni mpya kwa pesa ya wiki nzima, kesho yake akipanda mlima, ko, iko palepale. Fundi naye, tusimlaumu sana, mara nyingi huletewa baiskeli imesimama na kuambiwa "inalia". Inalia wapi? Lini? Mwenye kujua ni wewe unayeiendesha, kwa hiyo anza kupima mwenyewe kabla ya kutoa pesa.

Tafuta barabara tambarare isiyo na magari. Endesha, kisha acha kukanyaga, baiskeli ijiendee yenyewe. Mlio ukiendelea, hauko kwenye pedali. Tazama magurudumu: spoki iliyokatika, jiwe lililonasa kwenye tairi, madigadi inayogusa. Ule mchakato mdogo wa friwili, tiki-tiki-tiki unapoacha kukanyaga, ni wa kawaida, usiuogope. Mlio ukikoma, endelea nami. Sasa kanyaga tena lakini umesimama, makalio hayagusi kiti. Ukikoma hapo, ni kiti, au springi zake, au bomba lake. Kaza nati, umemaliza.

Kama bado unalia, hesabu. Hii ndiyo sehemu ninayoipenda. Sema "moja" kila mguu wa kulia unapofika chini. Ko ikija mara moja kwa kila mzunguko, na kila mara mguu ukiwa mahali palepale, kosa liko kwenye kitu kinachozunguka pamoja na mguu wako: pedali, mkono wa pedali, au ekseli yake. Ikija mara moja baada ya mizunguko miwili na zaidi kidogo, shuka ukague cheni, pingili baada ya pingili. Cheni ni ndefu. Inahitaji zaidi ya mizunguko miwili ya pedali ili pingili moja irudi pale ilipoanzia. Pingili iliyokauka haikunjiki, na kila inapopita kwenye meno ya nyuma inaruka. Itie mafuta, ikunjekunje kwa vidole mpaka ilegee. Mafuta ya kula usitumie, hata mawese: yanaganda, yanashika vumbi, na baada ya muda mfupi una ugali kwenye cheni.

Tuseme sasa ko inakuja mara moja kwa kila mzunguko. Anza na vitu vya bure. Kifuniko cha cheni kilichopinda kinaweza kuguswa na mkono wa pedali kila unapopita. Stendi iliyolegea nayo hivyo hivyo. Hata ncha ya kamba ya kiatu! Vitu hivi vinafanya watu wafungue baiskeli nzima bila sababu.

Kisha pedali zenyewe. Chukua spana namba 15 na uzikaze, lakini kumbuka kwamba pedali ya kushoto imekatwa hesi kinyume. Ukiikaza kama nati ya kawaida, unaifungua. Njia rahisi ya kukumbuka: spana ikiwa imesimama juu ya pedali, zote mbili hukazwa kwa kusukuma kuelekea gurudumu la mbele. Kabla ya kuirudisha iliyofunguliwa, safisha hesi na upake grisi kidogo. Kavu kwa kavu hulia.

(Kimya kifupi. Kisha ko moja, karibu na maikrofoni.)

Sasa tufike kwenye jambo lililonifanya nichague mada hii. Tazama pale mkono wa pedali unapoingia kwenye ekseli. Kuna pini ya chuma imepita katikati, upande mmoja ina nati. Pini hiyo ina ubapa mmoja, na ubapa huo umekaa juu ya ubapa mwingine uliochongwa kwenye ekseli. Nguvu yote ya mguu wako inapita hapo, kwenye kipande cha chuma chenye unene wa milimita 9 au 9.5. Pini ikilegea, mkono wa pedali unacheza kidogo kila unapokanyaga. Huo ndio mlio.

Jipime hivi. Weka mikono ya pedali ilale, mmoja mbele, mmoja nyuma. Shika breki na ukandamize pedali zote mbili kwa uzito wako. Zungusha nusu mzunguko, kandamiza tena. Ukisikia mkono mmoja unateleza, hata kwa upana wa ukucha, ni pini. Dalili nyingine: ukitazama kutoka ubavuni, mikono miwili haiko kwenye mstari mmoja.

Mlio huu usiuahirishe. Cheni kavu itakuchosha tu. Pini iliyolegea inakula tundu la mkono na kukwangua ekseli, halafu siku moja, mlimani, umesimama juu ya pedali, nyuma yako kuna mama na mtoto wanaokwenda kliniki, inakatika au inachomoka. Mguu wako unadondoka hewani na uzito wote unakwenda upande mmoja. Mhudumu wa afya wa kijiji aliyebeba sanduku la chanjo ataanguka vivyo hivyo.

Wako wanaoziba pengo kwa kipande cha kopo la maziwa, na wako wanaopiga msumari badala ya pini. Kipande cha kopo kikufikishe kwa fundi, basi. Msumari hapana. Ni laini na ni wa duara, hauna ubapa. Unageuka ndani na kulitafuna tundu mpaka pini mpya nayo isishike tena. Hapo utanunua mkono mzima, pengine na ekseli.

Kubadilisha pini si kazi ngumu, ila ina siri moja. Legeza nati mpaka ilingane na ncha ya pini, ili hesi zisiharibike. Kisha tegemeza mkono wa pedali kwa chini, kwa bomba nene au kipande cha reli kilichogusa ardhi, halafu piga nyundo moja nzito. Bila egemeo, pigo linaishia kwenye gololi za ekseli na kuzivunja, na utakuwa umenunua mlio mwingine. Pini mpya iingie ubapa kwa ubapa. Ikikataa, ipunguze kwa tupa kidogo kidogo. Ipige ikae, ndipo ukaze nati. Nati haiivuti pini, inaizuia isirudi tu. Za pande mbili zikishawekwa, mkono mmoja ukiwa juu na mwingine chini, nati moja itazame mbele na nyingine nyuma. Baada ya safari ya kwanza, piga tena na ukaze tena.

Kama pini zote mbili ni imara na bado unasikia mlio, safari hii wa kusaga kuliko kugonga, toa cheni na utikise mikono kushoto na kulia. Ikicheza, gololi zimekwisha au maji ya mvua yameingia. Hiyo mpelekee fundi, na mwambie ulivyohesabu.

Ukienda dukani kutafuta pini, beba ya zamani mfukoni uzilinganishe, maana nusu milimita huwezi kuipima kwa macho.

Kipindi kijacho ni breki za vyuma, na kwa nini hukataa kushika mvua ikinyesha.

(Muziki.)