MBOLEA YA DUKANI NA SAMADI: HESABU YA KARANI
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wafanyakazi na wakaaji wa mji, Goma)



Mimi ni karani, kazi yangu ni kuandika kilo. Leo ninawaletea hesabu ya kilo, ila si za mawe. Wengi wetu tuna ndugu wanaolima mpunga katika bonde la Ruzizi, huko Sange na Luberizi, na kila msimu habari ni ile ile: "Tuma feza ya mbolea." Tunatuma. Mshahara unaingia topeni.

Sikilizeni. Tani moja ya mpunga inaondoa shambani kilo 15 hadi 20 za naitrojeni, kile chakula kinachofanya majani kuwa kijani. Mfuko wa urea wa kilo 50 una kilo 23. Mtu atasema: mfuko mmoja, tani moja, kitabu kimefungwa. Hapana! Katika shamba la maji, urea iliyomwagwa juu inapotea nyingi, nyingine hewani bila kuonekana, nyingine inakwenda na maji. Tena urea haina fosfora wala potasi hata chembe.

Shemeji yangu aliposikia hayo aliiacha urea kabisa. Akajaza mavi mabichi ya ng'ombe pamoja na mabua, akapandikiza siku ya tatu. Mpunga ukawa manjano. Nilimcheka, kisha nikanyamaza, kwani feza ya mbegu ilikuwa yangu. Vijidudu vinavyoozesha mabua hujilisha naitrojeni kwanza, mpunga unangoja.

Basi tuchanganye. Samadi iozeshwe miezi miwili au mitatu, imefunikwa majani ya migomba, halafu iingizwe udongoni wiki mbili mbele ya kupandikiza. Hiyo inaushibisha udongo na kuusaidia kushika chakula. Urea ifuate kidogo kidogo: sehemu moja mpunga ukianza kutoa machipukizi, nyingine kabla kidogo ya kubeba mimba. Kwa nini si samadi peke yake? Kilo 100 za mavi makavu ya ng'ombe zina naitrojeni kilo 1 au 2 tu. Tani hizo zote zitabebwa na nani? Na mama zetu, kichwani.

Na mabua yasichomwe. Potasi iliyonyonywa na mpunga, karibu sehemu 8 katika 10, imo humo. Kabla ya kutuma feza ya mfuko mwingine, ulizeni mabua ya msimu uliopita yalikwenda wapi. Mimi nimemwuliza shemeji. Hajajibu bado.