Keti Mahali Pako: Usalama wa Boti za Pantoni Ziwa Naivasha

Hotuba kwa waendeshaji boti na wakazi wa Naivasha



Leo tuzungumzie boti ya pantoni, ile yenye sakafu bapa na paa la turubai, inayoelea juu ya mapipa marefu yaliyojaa hewa. Wageni huipenda kwa sababu imetulia. Mzee hupanda bila wasiwasi, na mtoto hutembea humo kama yuko sebuleni. Utulivu huo ndio unaotufanya tujisahau. Boti hii hutulia uzito ukigawanywa sawasawa. Abiria wote wakikimbilia upande mmoja kumpiga picha kiboko, pipa la upande huo hudidimia na la pili huinuka. Wakisongamana mbele, pua ya boti huchota maji.

Kwa hivyo, nahodha, wapange abiria wako kabla ya kuwasha injini. Waambie waziwazi kwamba hakuna kusimama boti ikienda. Kiboko akionekana, usiwaache watu wamfuate kwa miguu. Geuza boti polepole ili kila mmoja amwone akiwa ameketi. Na umwone kwa mbali. Usipite katikati yake na maji ya kina, wala usikaribie mafunjo usikoweza kuona kilicho nyuma yake.

Kila asubuhi, tazama boti ikiwa tupu. Ikiwa imelala upande mmoja, huenda pipa limeingia maji. Siku hiyo isibebe mtu. Soma kibao cha idadi ya abiria na uzito, ukiheshimu. Mtoto aliyepakatwa naye ni abiria, na mizigo pia ina uzito. Jaketi la kuokoa maisha livaliwe na kufungwa kabla ya kuondoka, na mtoto apewe linalomtosha. Jaketi lililo chini ya kiti halimsaidii aliyekwisha kuanguka.

Mlango wa mbele ufungwe mpaka injini izimwe. Anayening'iniza miguu mbele akiteleza, huangukia katikati ya mapipa, na boti humpitia juu hadi kwenye panga la injini. Nahodha naye ajifunge mkononi kamba ya kuzimia injini, ili akianguka, injini izimike mara moja.

Sote tunaujua upepo wa alasiri wa ziwa hili. Paa la turubai huukamata kama tanga. Safari ndefu zifanywe asubuhi. Mawimbi yakikupata njiani, punguza mwendo taratibu, kwa maana ukiupunguza ghafla pua itazama. Wahamishe abiria wa mbele, mmoja mmoja, wakae nyuma, kisha uyakate mawimbi kwa mshazari.

Karibu na ufuo, kumbukeni kwamba maji yalipopanda miaka iliyopita yalifunika miti na nguzo za nyua. Nyingine bado zimo humo, na zinaweza kutoboa pipa. Nenda polepole.

Kuna anayesema, "Naenda hapo tu." Tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilipinduka kule Mombasa ikiwa na abiria kupita kiasi. Ilikuwa ndiyo kwanza imeondoka gatini. Watu 272 walifariki. Ukaribu wa nchi kavu haukuwaokoa.

Nanyi wakazi, mna sauti. Mkiona boti imejaa, msipande. Ulizeni kama imekaguliwa na Mamlaka ya Masuala ya Bahari ya Kenya, kwa kuwa sheria zake zinafika hata kwenye maziwa. Mwambieni aliye ufuoni mnakwenda wapi na mtarudi saa ngapi. Ajali ikitokea, pigeni 999 au 112.

Nahodha, siku utakapomwacha abiria mmoja ufuoni kwa sababu nafasi imekwisha, utapoteza nauli ya mtu mmoja. Hiyo ni hasara unayoweza kuifidia kesho.