Pesa Haipandi Jukwaani: Kwa Nini Bendi Kongwe za Roki Hazistaafu



Mwaka 2024 bendi ya The Rolling Stones, iliyoanza London mwaka 1962, ilizunguka viwanja vya mpira vya Marekani na Kanada. Siku chache baada ya onesho la mwisho, mwimbaji wao, Mick Jagger, alitimiza miaka 81. Mpiga gitaa Keith Richards alikuwa na miaka 80. Mdhamini wa ziara alikuwa AARP, jumuiya ya Wamarekani wenye umri wa miaka 50 na kuendelea. Wengi waliuliza: wazee hawa bado wanatafuta nini? Wapo waliojibu kwamba ni tamaa ya pesa, na wapo waliosema msanii wa kweli hastaafu.

Naona majibu yote mawili yamekuja haraka mno. Ninachotaka kukitetea jioni hii ni hiki: pesa inaeleza ukubwa wa ziara hizi, lakini haielezi kwa nini watu hawa wanapanda jukwaani. Tusipotenganisha mambo hayo mawili, tutawalaumu kwa umri wao, ambao si kosa, na tutawasamehe makosa yanayostahili lawama.

Hesabu za pesa

Tuanze na pesa, maana ipo na ni nyingi. Ziara ya The Rolling Stones ya 2005 hadi 2007 iliingiza zaidi ya dola milioni 500. Lakini ili kuelewa kwa nini fedha yao iko barabarani, lazima turudi mwaka 1965, walipokuwa vijana wa miaka ishirini na kidogo, wakamkabidhi biashara yao meneja wa Kimarekani, Allen Klein. Walipoachana naye mwaka 1970, kampuni yake, ABKCO, ilibaki na hakimiliki za rekodi zao na nyimbo zao za miaka ya 1960, ukiwamo “Satisfaction”, wimbo uliowafanya wajulikane duniani kote. Mwaka 1971 wakahamia Ufaransa kwa sababu ya madeni ya kodi nyumbani Uingereza. Tangu hapo jukwaa likawa mahali ambapo wanaweza kuupiga wimbo wao wenyewe na mapato ya mlangoni yakawa yao.

Mwaka 1989 promota wa Kanada, Michael Cohl, aliinunua ziara yao yote kwa mkupuo: tiketi, fulana, udhamini na matangazo ya televisheni. Mtindo huo ukawa kanuni ya biashara nzima. Kisha miaka ya 2000 mauzo ya santuri na diski yakaporomoka kwa sababu ya intaneti, na hata bendi zilizokuwa zikiishi kwa albamu zikalazimika kuishi kwa ziara. Ndiyo maana viwanja ni vikubwa, tiketi ni ghali, na orodha ya nyimbo imejaa zile zilizovuma zamani. Hapo pesa inatawala, na sina haja ya kulificha.

Pesa iliyokataliwa

Hata hivyo, kama pesa ndiyo ingekuwa sababu, bendi ya Led Zeppelin ingekuwa barabarani. Mpiga dramu wao, John Bonham, alifariki Septemba 1980, na kabla mwaka haujaisha wenzake wakatangaza kwamba hawawezi kuendelea bila yeye. Tarehe 10 Desemba 2007 walikutana London kwa usiku mmoja, Jason, mtoto wa Bonham, akikaa kwenye nafasi ya baba yake. Mamilioni ya watu waliomba tiketi. Ziara ya dunia ilikuwa inawasubiri pamoja na utajiri wake wote, na mwimbaji Robert Plant akakataa. Akaendelea kuimba na mwimbaji mwenzake Alison Krauss nyimbo za taratibu za Kusini mwa Marekani, na albamu yao ikashinda tuzo ya Grammy ya albamu bora mwaka 2009.

Chukueni na mfano wa upande wa pili. Leonard Cohen, mwimbaji na mshairi wa Kanada, aligundua uzeeni kwamba akiba yake ilikuwa imetoweka mikononi mwa aliyeisimamia. Mahakama ilimpa haki, lakini pesa nyingi hazikurudi. Mwaka 2008, akiwa na miaka 73, alirudi jukwaani baada ya kukaa kando takribani miaka 15. Bila shaka shida ndiyo iliyomtoa nyumbani. Lakini shida haimfanyi mzee aimbe kwa saa tatu, usiku baada ya usiku, wala haimlazimishi kuendelea baada ya akiba kurudi. Cohen aliendelea na ziara hadi 2013, akatoa albamu tatu mpya za studio, ya mwisho ikitoka wiki chache kabla ya kifo chake mwaka 2016. Alitoka kutafuta riziki akakuta bado ana la kusema.

Basi yuko aliyeikataa pesa ili kuilinda sanaa yake, na yuko aliyeifuata pesa akaikuta sanaa. Kuwatenga wasanii katika makundi mawili, wa pesa huku na wa sanaa kule, hakutufikishi popote.

Kazi yenyewe

Sababu ya wao kupanda jukwaani naiona katika kazi yenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Keith Richards aliondoa uzi mnene wa sita kwenye gitaa lake, akabaki na nyuzi tano, akazikaza upya hivi kwamba zikipigwa bila kushikwa tayari zinaafikiana katika G. Milio mingi tunayoitambua kuwa ya The Rolling Stones imetoka humo. Charlie Watts, mpiga dramu, kila alipogonga ngoma ndogo kwa mkono wa kushoto, aliuinua wa kulia kutoka kwenye matoazi, na pigo likapata nafasi ya kupumua. Katika bendi nyingi gitaa humfuata mpiga dramu. Hapa Watts alimsikiliza Richards. Ufundi wa namna hiyo haukai kwa mtu mmoja. Unaishi katikati ya watu, na wasipokutana haupo. Mwandishi mzee ataandika peke yake chumbani, lakini mpiga gitaa huyo bila wenzake amenyang'anywa nusu ya lugha yake.

Watts alifariki Agosti 2021. Mwezi uliofuata wenzake walikuwa jukwaani St. Louis, Steve Jordan akiwa kwenye dramu. Walilaumiwa kwamba wamefanya haraka. Lakini tazameni walichofanya baadaye. Oktoba 2023 walitoa *Hackney Diamonds*, albamu yao ya kwanza ya nyimbo mpya tangu 2005. Wimbo unaoifunga si wao: ni wa Muddy Waters, gwiji wa bluzi wa Chicago, wimbo wa mwaka 1950 ulioipa bendi jina lake. Wanaupiga wawili tu, Jagger kwa sauti na kinanda cha mdomo, Richards kwa gitaa. Kiwanja hakijazwi kwa wimbo kama huo.

Muddy mwenyewe aliendelea kupiga hadi karibu na kifo chake mwaka 1983. Novemba 1981 Jagger, Richards na mwenzao Ron Wood walipanda naye jukwaani katika klabu ndogo ya Checkerboard Lounge huko Chicago. Alikuwa na miaka 68, na katika jadi ya bluzi umri ule ulikuwa sifa. Roki ilizaliwa ikijiita muziki wa vijana, ndiyo maana inawaonea haya wazee wake.

Hukumu

Sisemi kila bendi kongwe isifiwe. Bendi ya Queen inatuhusu kwa karibu, kwa kuwa mwimbaji wake, Freddie Mercury, alizaliwa Unguja mwaka 1946. Alifariki 1991, na mpiga besi John Deacon akastaafu 1997. Wenzao waliobaki, Brian May na Roger Taylor, wamezunguka na mwimbaji Adam Lambert, wamejaza viwanja, na mashabiki wamelia kwa furaha. Lakini hawajatoa na Lambert hata albamu moja ya nyimbo mpya za studio. Ninaiheshimu kazi hiyo kama kumbukumbu, ila siiiti bendi hai. Bendi hai ni ile ambayo bado inathubutu kutunga wimbo ambao unaweza kukataliwa.

Kwa hiyo tukitaka kulaumu, tulaumu bei ya tiketi inayomfungia nje kijana, na tulaumu uvivu wa kurudia yale yale. Umri tuuache.

Na ninyi wanafunzi wa muziki mlio hapa, mkataba mtakaotia saini mkiwa na miaka 22 mtaishi nao mkiwa na 80. Usomeni wote, mtafuteni mwanasheria, na hakimiliki za nyimbo zenu msiziachie. Mkifanya hivyo, siku mtakapopanda jukwaani mkiwa wazee, mtapanda kwa hiari yenu.