Kamba Kabla ya Jembe
(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Myanga)

  Leo tuongee juu ya mabomba, visima na vyoo, na sheria inayovisimamia.

Tuanze na kosa letu wenyewe. Miaka iliyopita sisi wa ofisi ya maendeleo tulisaidia kikundi kimoja cha upande huu kuchimba kisima. Simiti ilikuwa nzuri, mfuniko mzuri, harambee ikaenda vizuri. Lakini choo cha jirani kilikuwa hatua 15 tu, tena upande wa juu. Hakuna aliyepima. Mvua ilipokolea, watoto wa boma lile wakaanza kuharisha, na kisima kikafungwa. Pesa za akina mama zikapotea. Bidii tulikuwa nayo, kanuni hatukuifuata.

Je, sheria ilikuwepo? Ndiyo. Kuanzia mwaka 1968 Kenya ilikuwa na kanuni za ujenzi zilizofuata mfano wa Uingereza. Lakini halmashauri ya mahali ilipaswa kuzipokea kwanza, ndipo zitumike. Tena zilidai vifaa vya bei kali, hata nyumba ya udongo ya maskini mjini ikahesabiwa haifai. Mwaka 1995 zikarekebishwa kwa ajili ya nyumba za bei nafuu. Badala ya kutaja kifaa fulani tu, zikauliza: je, ukuta unasimama? Je, wakaaji wako salama?

Sasa zile za 1968 zimeondolewa. Kanuni za Taifa za Ujenzi za 2024 zilianza kutumika tarehe 1 Machi 2025, na uimara wa jengo unapimwa kwa viwango vya Ulaya. Si sisi peke yetu. Kule Marekani sheria za mabomba hutofautiana mahali kwa mahali, lakini majimbo mengi yamechukua kanuni moja ya pamoja, iitwayo ya kimataifa.

Faida ipo: fundi, mkaguzi na mwenye duka la paipu wanaelewana. Lakini kanuni ya mji wenye mitaro ya maji machafu ikiletwa kijijini nzima nzima, yaweza kutuongezea gharama bila kutulinda. Basi tusiikatae kwa sababu imetoka nje, wala tusiipokee tukiwa tumefumba macho. Tuulize: inamkinga nani, na kitu gani?

Chukueni mfano wa mpira uliozamishwa ndani ya pipa. Maji yakikatika, paipu inaweza kuvuta uchafu urudi ndani, na jirani aunywe. Ndiyo sababu mafundi wa Ulaya na wa Marekani pia huacha nafasi ya hewa: mdomo wa koki ukae juu ya ukingo wa chombo. Hiyo hata hapa Myanga inatufaa.

Mfano wa pili ni choo cha shimo. Kipimo kinachotumika nchi nyingi ni mita 30 kutoka kisimani, na chini ya shimo kubaki angalau mita moja na nusu juu ya maji ya ardhini. Sisi twaongeza: choo kiwe upande wa chini wa mteremko. Kama udongo ni wa mawe yenye nyufa, hata mita 30 huenda zisitoshe. Mwiteni bwana afya aangalie kabla ya kuchimba, si baada ya watoto kuugua.

Msiogope kumwita. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya maji safi na salama, ya kutosha. Huduma za maji na usafi ni kazi ya kaunti. Na kaunti ikiita watu kutoa maoni juu ya sheria kama hizi, kikundi kitume mtu.

Kazi yetu ya mwezi huu ni hii: kila kikundi kitafute kamba ya mita 30, kipime kutoka kila kisima hadi choo kilicho karibu, na kuandika. Mkutano ujao tuje na hesabu hizo, hata kama zinatuaibisha.