Mvuke wa Petroli Barabarani Kagerankanda

Gari dogo la petroli linalobeba abiria Kasulu hadi Kagerankanda, likiwa mtumba wa Japani, huja na kopo la plastiki lililojaa chembe za mkaa. Jua likichoma tangi, petroli hutoa mvuke, mkaa huunasa. Injini ikishapata moto, vali hufunguka, mvuke ukavutwa na kuchomwa. California iliulazimisha mfumo huu kuanzia magari ya 1970.

Huku kwetu kopo likizibwa na vumbi, wapo mafundi wanaoling'oa. Mfuniko wa tangi ukipotea, linasokomezwa tambara! Hatari hii tunaidharau mno: mvuke huo una benzini, kemikali inayosababisha saratani ya damu, na anayeuvuta ni mama aliyepakata mtoto kiti cha nyuma. Wenye magari, anzeni na mfuniko. Mpira wake ukipasuka, badilisheni.