Kukanyaga Klachi Mara Mbili

Leo twapenda kuzungumza nanyi habari za udereva, kwa maana tangu kiwanda cha kusafisha gesi kilipoanza kazi Madimba mwaka 2015, vijana wengi huku hutamani kazi ya usukani.

Bila shaka mmepata kusikia lori likibadilishwa gia likalia kama chuma kinachosagwa. Sauti ile ni ya meno yanayogombana. Ndani ya sanduku la gia mna magurudumu ya meno. Yakizunguka kwa mwendo uliolingana hushikana kwa upole. Mwendo ukitofautiana hugongana, na mwisho meno huvunjika.

Tuchukue mfano. Tuseme kwa gia ya tatu injini huzunguka mara 2 kila mhimili uendao nyuma uzungukapo mara 1, na kwa gia ya pili mara 3. Basi mhimili ukizunguka mara 1,000 kwa dakika, injini huzunguka mara 2,000. Dereva atakaye gia ya pili hana budi kuipandisha kwanza hata mara 3,000.

Afanyeje? Kwanza, akanyage klachi, aitoe gia na kuiacha huru. Pili, aachie klachi, kisha akanyage mafuta kidogo. Hapa ndipo penye siri: klachi ikiachiwa, injini huyazungusha yale magurudumu ya meno pamoja nayo, lakini klachi ikiwa bado imekanyagwa, injini hunguruma peke yake bure. Tatu, akanyage klachi tena, atie gia ya pili bila kukawia, na kuiachia klachi taratibu.

Mwaka 1928 kampuni ya Cadillac ya Marekani ilianza kuuza motokaa zenye chombo cha kusawazisha mwendo huo, na siku hizi motokaa nyingi za gia za mkono zinacho. Mwenye motokaa hiyo halazimiki kukanyaga mara mbili. Ila akiongeza mafuta kidogo kabla ya kuachia klachi, gari halishtuki, wala klachi hailiki upesi. Lakini yako malori mazito yasiyo na chombo hicho.

Sasa fikirini lori lililojaa magunia ya korosho, na watu wamekaa juu yake, likishuka mteremko wa Newala. Dereva ameitoa gia ya tatu, na ya pili inakataa kuingia. Gari li huru, mzigo walisukuma, breki zapata moto na kulegea. Hapo hakuna tena nafasi ya kujifunza.

Kwa hiyo twawausia madereva mambo mawili: chagueni gia ndogo mngali juu ya kilima, wala msishuke na gia huru kwa kutaka kuokoa mafuta. Nanyi wanafunzi, jizoezeni kwanza penye uwanja tambarare, na mwalimu kando, mpaka miguu izoee. Mwenda pole hajikwai.